Siku ya Ishirini na Nane

Michemraba imeletwa kwa bodaboda,
sita, ndani ya gunia la saruji,
imeandikwa kwa chaki: Murigu, Tasia, nguzo za ghorofa ya nne.
Tarehe ni sahihi. Sahihi ni sahihi.
Hata unyevu wake ni wa haki,
kama watoto waliookoshwa nyuso wageni wakiwa mlangoni.

Naitia kwenye mashine, mmoja mmoja.
Mshale unapanda: ishirini, ishirini na tano, thelathini na moja,
ndipo zege linalia, mlio mkavu, kama muwa.
Yote sita imefaulu.
Naokota kipande, nakigeuza dirishani,
na humo naona mchanga wa mto,
uliooshwa, wenye chembe za kumetameta.

Nilipita Tasia Jumamosi.
Mchanga wa pale si mchanga, ni vumbi la machimbo,
la kijivu, limejaa udongo;
ukilifumbata, kiganja hakitakati siku nzima.

Basi kuna jengo lililofaulu, sijui liko wapi.
Pengine limo humu guniani tu,
ghorofa sita, kila moja shibiri isiyotimia.

Naitazama tena ile sahihi.
M yenye mkia unaorudi kuuma kichwa chake.
Naijua. Mkono wangu unaijua.
Chuoni, Dakta Adagala alitufundisha boriti mpaka usiku:
mzigo hushuka, boriti hupinda, nguzo hupokea,
msingi hunyamaza.
Nilipata A ya vyuma, B ya udongo.
Somo la maadili lilikuwa Ijumaa saa kumi jioni,
na mimi nilimtilia Musembi sahihi ya mahudhurio,
wiki ya pili akanitilia yeye,
tukaenda kula chipsi.
Hakuna mtihani uliotuuliza
bahasha ina uzito gani kwa kila mita ya mraba.

Nampigia simu.
"Siku ya kumwaga nilikuwa Kitengela," anasema.
"Walitaka jina tu."
Kimya kidogo. Nasikia mtoto wake akikohoa.
"Unajua jinsi kazi ilivyo, Kerubo."
Najua jinsi kazi ilivyo.

Najua pia miti ya kushikilia ilitolewa siku ya tisa,
ikahitajika juu.
Najua ghorofa ya kwanza tayari kuna pazia la maua,
na mama anayeuza mitumba ametundika kalenda ya benki
mahali ambapo ukuta ulianza kuandika jina lake.
Ile X nyekundu getini imepakwa rangi ya maziwa;
mvua ikinyesha, hurudi.
Na chini, udongo mweusi wa Embakasi,
unaofura masika, unaosinyaa kiangazi,
haujawahi kusoma mchoro wa mtu.

Mkubwa wangu, Bi. Gatakaa, hanikemei.
Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya leso.
"Sisi hupima tunacholetewa.
Andika thelathini na moja, mwanangu. Si uongo."
Kweli, si uongo.
Hapo ndipo ugumu ulipo.

Naandika: Michemraba imefaulu.
Chini yake, kwa kalamu ileile:
Michemraba si ya jengo. Tazama mchanga.
Bi. Gatakaa anasoma mara mbili.
Hatii muhuri. Haichani pia.
Anaiweka chini ya kikombe chake cha chai
na kuniambia ufunguo wa kabati la nyundo ya kupimia
umening'inia palepale siku zote.

Jumatatu asubuhi, geti la Tasia.
Askari ananitazama, anatazama mkoba, viatu.
Juu, toroli linakwaruza; wanamwaga ghorofa ya sita.
"Una barua?"
Sina.
"Umetumwa na nani?"
Nafikiria la kusema, nakosa.
Ananisukumia daftari la wageni, lenye madoa ya uji,
safu ya jina, safu ya kitambulisho, safu ya saa.
Mistari mingi juu yangu imeandikwa kwa mwandiko mmoja.

Naandika jina lote, na la baba.
Naandika saa niliyofika.